Fundi Aliyeshonea Pikipiki Nguo za Baridi

Kabla hajamwachia mteja aondoke, Fundi alimwamuru akae juu ya pikipiki iliyosimama, atie mikono yote miwili ndani ya mifuko aliyomshonea, ashike usukani na afumbe macho. Kisha alianza kumuuliza mambo mengine kabisa. Mama anaendeleaje? Mvua imeanza huko Gatete? Yule mbuzi wenu alizaa? Mteja alijibu, akajisahau, pengine akacheka. Ghafla Fundi alipiga kofi moja mbele ya uso wake, na mikono ya yule mtu ilitakiwa iwe nje, hewani, kabla hajafumbua macho. Kama kidole gumba kimoja tu kilichelewa, Fundi alichukua wembe akafumua mshono wote, hata kama mteja alikuwa pale tangu asubuhi na jua lilikuwa linaelekea upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, kuzama.

Nimemjua kwa miaka kumi na mitatu. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake wanazo wazee wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, na wanazisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilichojua ni kazi yake, na hofu yake, kwa sababu hofu hiyo tuligawana.

Kwa mtu aliyefika mjini mara ya kwanza, kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Rumonge ni joto. Saa nne asubuhi mchanga wa ufukweni unachoma nyayo, na wanawake wanaouza mafuta ya mawese wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo. Katikati ya joto hilo, kwenye kibaraza karibu na kituo cha pikipiki, alikaa mzee mwembamba mbele ya cherehani, akishona nguo za baridi. Tena si za watu, za pikipiki. Alikata turubai kuukuu la lori, akalitia bitana ya blanketi, akafanya mifuko miwili mipana inayovishwa kwenye ncha za usukani, ili dereva atie mikono ndani na kushika breki na klachi humo humo. Kwa ajili ya miguu alishona kipande kirefu kinachoning'inia kutoka kwenye tangi hadi chini ya magoti, kikinge upepo na mvua.

Wateja wake walikuwa wale wanaopanda Bururi. Barabara inatoka hapa ziwani, inapanda mlima baada ya mlima, na mtu aliyeondoka na fulana anafika juu asubuhi akakuta ukungu na baridi ya kumfanya asivisikie vidole vyake. Asiyesikia vidole hajui kama ameshika breki au hajaishika.

"Fundi," kijana mmoja wa kituo alipenda kumwambia, "pikipiki yangu jana imekohoa. Ishonee na kofia."

"Ilete," alijibu bila kuinua kichwa. "Na wewe nitakushonea mdomo, turubai imebaki."

Wale waliokwenda Gitaza na Kabezi, kandokando ya ziwa, aliwafukuza. "Kule iko baridi gani? Weye unataka urembo. Nenda kwa wanaouza maua ya plastiki." Walikuja na pesa mkononi, na bado aliwafukuza. Mkewe alikuwa akimsikia kutoka ndani, na alilia kwa hasira.

Sikuwahi kuona mtu mwenye tahadhari kwa vidole vya wengine akawa hana habari na vyake. Kidole chake cha shahada kilipitiwa na sindano ya cherehani mara tatu ninazozijua mimi. Alikifunga kwa kipande cha bitana, akaendelea. Na jambo lililowachekesha watu zaidi ni kwamba hakupanda pikipiki. Aliziogopa. Alikwenda sokoni kwa miguu, msikitini kwa miguu, mazikoni hata kama ni mbali kwa miguu, na akifika amechelewa alisema waliomzika marehemu walikuwa na haraka.

"Basi baridi ya Bururi umeijulia wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Kwa muuza samaki," alisema.

Ilikuwa kweli. Wauzaji wa mukeke, samaki wa ziwa letu, huwa na ndoo za barafu. Kila alipobadili namna ya kukata mfuko, Fundi alikwenda kwa mama mmoja wa sokoni, akaomba ruhusa, akazamisha mikono kwenye maji ya barafu. Alisimama pale akihesabu kimya hadi vidole vikawa vigumu kama vijiti. Kisha alikimbia, mzee yule, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa, hadi kwenye kibaraza chake, ajaribu kuitia na kuitoa kabla haijapata moto.

"Fundi, unanitishia wateja," yule mama alilalamika. "Watafikiri samaki wangu wanauma."

Kutoka kwenye ndoo hiyo ndiko zilikotoka sheria zake zote. Mdomo wa mfuko uwe mpana, wala usifungwe kwa mpira. Ndani, mbele ya mkono wa breki, aliweka pete ya waya uliotolewa kwenye mshikio wa ndoo kuukuu, ili upepo ukisukuma turubai lisiguse breki. Upande wa chini aliacha nafasi ya vidole vinne, wazi kabisa, ili mkono uliokufa ganzi upate pa kutokea. Kipande cha miguu hakukifunga kwa fundo lolote. Alikitundika kwa kulabu mbili. "Mafundo fungia mbuzi wako," alisema. "Ukianguka, weye ondoka. Nguo ibaki na pikipiki."

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Kila mteja akishuka kutoka Bururi alipaswa kupiga honi mara mbili akipita mbele ya kibaraza. Kuanzia saa nane mchana Fundi alishona huku sikio moja liko barabarani. Honi mbili zikilia, alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyemeza dawa. Aliyesahau kupiga alifuatwa hadi kituoni na kugombezwa mbele ya abiria wake. Siku ambazo esansi ilikosekana mjini na pikipiki zote zililala, kila mtu alikuwa na uso wa msiba isipokuwa yeye. Siku hizo alikula akashiba na kusimulia hadithi ndefu.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya mdogo wangu Idi. Mama yetu alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, wote kwa maradhi. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la saba, nikawa na wadogo watatu, nyumba ya vyumba viwili na pikipiki ya marehemu baba imefunikwa gunia. Kwa miaka minne nilianika ndagala za watu, wale samaki wadogo wa ziwani. Idi alipopata umri, alilivua lile gunia na kuanza kupeleka samaki Bururi, kama baba alivyokuwa akifanya. Tuliishi kwa pikipiki hiyo. Ila mimi sikuwa nikifikiri habari ya chakula kila alipoondoka. Nilifikiri kwamba nimeshazika watu wawili na sijui kama nina nguvu ya kumzika wa tatu.

Fundi alimpima Idi mikono kama anayempimia bwana harusi kanzu. Alimfanyia lile jaribio la kofi mara sita. Mara ya sita Idi alitoa mikono upesi hadi akajipiga kidevu.

"Huyu mutoto sasa iko sawa," Fundi aliniambia. "Na weye, yaya yake, nenda ukalale. Umekonda."

Idi huniita Yaya, kama watu wa huku wanavyomwita dada mkubwa. Tangu siku hiyo mzee yule naye akaniita Yaya, mimi ambaye ningeweza kuwa mjukuu wake.

Lakini Idi alirudi akilalamika. Upepo ulipita kwenye ile nafasi ya vidole vinne. Siku moja ya kiangazi, miezi ambayo asubuhi za mlimani ni kali kuliko zote, alifika nyumbani mikono imevimba, akashindwa kushika kijiko. Mdogo wetu wa mwisho alimlisha uji, wakicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Nataka nieleze nilichofanya bila kujipunguzia. Baada ya wazazi kuondoka, kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga. Nilifunga mlango kwa kamba tatu. Nilifunika sufuria na kuweka jiwe juu. Niliwafunga wadogo zangu kwenye blanketi hadi wakalalamika kwamba hawawezi kugeuka. Basi Idi alipokwenda kuoga, nilichukua sindano ya nyavu na uzi wa nyavu, nikaiziba ile nafasi ya vidole vinne. Nilitoa pete ya waya, kwa kuwa niliona inamkwaruza vidole, na mahali pake nikajaza kipande cha blanketi la mama. Mwisho nikazungusha mpira kwenye midomo ya mifuko, ibane kwenye kifundo cha mkono. Nilifanya kama tunavyomfunga mtoto mchanga mgongoni: upepo usiingie, mtoto asitoke.

Asubuhi yake Idi alitia mikono, akatabasamu. "Yaya, humu ni kitandani," alisema. Akaenda kupakia samaki.

Nilifurahi sana. Nilifurahi hadi nikapita kibarazani kwa Fundi kumpa habari, nikidhani atanisifu mshono.

Alisimamisha cherehani. "Pete umeitoa?"

"Nimeitoa. Ilikuwa inamkwaruza."

"Na umeweka nini?"

"Blanketi."

"Na mdomo?"

"Nimetia mpira, baridi isiingie."

Hakunigombeza. Uso wake ulibadilika, na hapo mimi nikaanza kuelewa kabla hajasema neno. Aliuliza Idi amepita lini. Nikasema sasa hivi tu, kama nusu saa. Nilimpigia simu, ililia bila kupokelewa, kwa sababu mikono ya kuipokea nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Fundi aliinuka, akatia mkasi mfukoni, akavuka barabara hadi kituoni, akamwendea yule kijana aliyekuwa akimtania habari ya kofia.

"Washa," alimwambia. "Tunapanda Bururi."

Kijana alimtazama. "Fundi, weye?"

"Mimi. Washa kabla sijafikiri."

Tulipanda watatu, jambo ambalo polisi hawalipendi: dereva mbele, Fundi katikati, mimi nyuma. Alimkumbatia kijana yule kwa nguvu hadi akaomba aachiwe apumue. Alifumba macho toka nyumba za mwisho za mji. Nilimsikia akisoma dua, na kila tulipokata kona mkasi wake ulinichoma gotini. Tulipita migomba, tukapita mawingu ya kwanza, hewa ikawa nyembamba na baridi. Sikuweza hata kuomba. Nilikuwa nikitazama kila mtaro, kila jani lililolala vibaya pembeni mwa barabara.

Ukungu ukawa mzito. Mbele yetu ikatokea taa nyekundu ya pikipiki iliyobeba matenga, inapanda polepole.

"Huyu jamaa ana nini?" dereva wetu alisema. "Anapanda mlima amefunga breki. Ile taa haizimiki."

Nilitambua matenga.

Tulipiga honi, tukampita, tukasimama mbele yake. Idi alisimama akitushangaa, na ilimchukua muda kutoa mkono wa kulia. Alivuta, mpira ukamzuia, akavuta tena akitumia goti. Alisema injini imekosa nguvu leo, labda esansi ni chafu. Alikuwa mzima. Alikuwa mzima na amependeza na ana joto mikononi, na mimi nilikaa chini barabarani.

Fundi alifumbua macho. Alikwenda kwenye gurudumu la mbele, akaniita. "Yaya, leta mkono hapa. Usiguse. Sogeza karibu tu."

Nilisogeza mkono karibu na breki. Joto lake lilinifanya niurudishe haraka. Blanketi la mama lilikuwa limeisukuma breki tangu mjini, na upepo ukasaidia.

"Joto hii ni ya kupanda," Fundi alisema. "Ya kushuka bado. Na breki iliyowaka haishiki tena."

Hayo tu. Akatoa mkasi, akakata mpira, akakata uzi wangu, akatoa blanketi, akalikunja vizuri na kunipa. Kisha palepale kwenye ukungu alimkalisha Idi juu ya pikipiki, akamwambia afumbe macho, akamuuliza kama mdogo wetu wa mwisho ameota meno yote. Idi alijibu kwamba mdogo wetu ana miaka tisa. Kofi likalia. Mikono ikatoka.

Kushuka, Fundi alikataa pikipiki. Alisimamisha lori la ndizi, akarudi Rumonge amekaa juu ya mizigo, akatapika mara mbili, na wiki nzima vijana wa kituo walimpigia honi mbili kila alipopita kwa miguu. Alivumilia. Ila siku ileile, saa nane mchana, nilipokwenda kumwomba msamaha, alinisukumia kigoda.

"Uzi wako ni mzuri kuliko wangu," alisema. "Shida yako hujui kuacha wazi. Kaa."

Nilikaa. Mchana nikawa wa kwake, asubuhi wa ndagala. Kwa miaka yote hiyo alinipa nishone tu. Kukata alikata mwenyewe. Sikuwahi kusikia sifa kutoka kwake. Nilipokosea alikaa kimya, nilipopatia alikaa kimya pia, na nilijifunza kutofautisha kimya hiki na kile. Tulisikiliza honi pamoja. Idi akichelewa, Fundi alianza kunisimulia habari ya mteja wake mmoja wa zamani aliyechelewa hadi usiku akafika salama. Kila mara mteja huyo alikuwa na jina jingine. Nilijua anadanganya, naye alijua ninajua, na bado nilimwomba aendelee.

Kisha ziwa likapanda. Maji yalifika kwenye mitaa ya chini, yakaingia kibarazani, na cherehani tukaitoa tukiwa tumevua viatu. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kuwa na utando mweupe. Binti yake alikuja akamchukua kuishi naye Gatete, juu kidogo, mahali ambapo barabara haisikiki. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko macho. Cherehani aliniachia mimi.

Mwezi uliopita mifuko ya Idi ilichakaa, turubai likapasuka. Kwa mara ya kwanza nilikata mwenyewe. Nilipima, nikakata, nikashona, nikaweka pete ya waya, nikaacha vidole vinne. Idi alitaka kuondoka nayo kesho yake asubuhi. Nilimwambia hapana, kwanza Gatete. Sasa ni mtu mzima, ana mke na mtoto, lakini alinipeleka.

Fundi alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Nilimsalimia, akanijua kwa sauti.

"Yaya. Amahoro. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Fundi. Nimeleta mifuko."

Aliipapasa. Alipitisha kidole kwenye kila mshono, akapima nafasi ya chini kwa vidole vyake, akaitafuta pete akaipata. Halafu akasema, "Nipandisheni."

Binti yake alikataa, Idi akasitasita. Mzee aliinuka mwenyewe, akainyooshea mikono pikipiki iliyosimama kama mtu anayemtafuta mbuzi gizani. Tulimshika kwapani tukamkalisha. Yule asiyepanda pikipiki alikaa wima, akatia mikono ndani ya mifuko yangu, akashika usukani.

"Funga macho, Fundi," Idi alisema.

"Yamefungwa tayari. Mwambie yaya yako aulize maneno yake."

Nilimuuliza kama anakula vizuri. Alisema binti yake anaweka chumvi kidogo. Nilimuuliza kama huku Gatete mvua imenyesha. Alisema imenyesha kwa majirani. Nikauliza na lingine, na lingine, kwa sababu mkono wangu haukutaka kupiga kofi. Nilikuwa nikiitazama ile mifuko na kuona barabara ya Bururi, kona baada ya kona.

"Unangoja nini, Yaya?" alisema.

Nikapiga kofi.

Mkono wa kulia ulitoka. Wa kushoto ulichelewa. Ulikwama kidogo mdomoni mwa mfuko, kisha nao ukatoka.

"Kushoto," alisema. "Kidole gumba. Fumua."

"Fundi," nilimwambia kwa upole, "si mfuko. Idi ameujaribu nyumbani mara kumi, mikono inatoka. Ni kidole chako. Hakikunjuki tena."

Idi alicheka kidogo. Fundi hakucheka. Aliuinua ule mkono wake wa kushoto, vidole vimepinda, kidole gumba kimelala kiganjani, akauelekeza upande ilikotoka sauti yangu.

"Kesho asubuhi, kule juu," alisema, "Idi atakuwa na mikono gani?"

Kicheko cha Idi kiliisha. Nilitafuta wembe kwenye mkoba, nikapiga magoti karibu na gurudumu, nikaanza kufumua mshono wa kushoto, na nilipoumaliza nikafumua na wa kulia. Jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Kongo. Binti yake alimwita ashuke ale, akamjibu kwamba hashuki hadi nimalize, na akabaki pale juu, mikono yote miwili hewani, akingoja.